Amana ya Maandishi: Funzo la Msikiti wa Kizimkazi

Kusini mwa kisiwa cha Unguja, katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, upo msikiti mdogo ambao waumini wangali wakisali ndani yake. Kwa nje hauna fahari kubwa, na mpita njia asiye na habari zake huweza kuupita bila ya kugeuza shingo. Lakini ndani, penye kibla, pana maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kufi, yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwa ustadi mkubwa. Maandishi hayo yanaeleza kuwa msikiti ulijengwa kwa amri ya Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hassan bin Muhammad, siku ya Jumapili, katika mwezi wa Dhulqaada, ambao sisi huuita Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladia. Hapo hapo penye kibla pameandikwa tarehe nyingine, nayo ni mwaka 1184 wa Hijra, unaolingana na mwaka 1770 au 1771. Baina ya tarehe ya kwanza na ya pili imepita zaidi ya miaka 660.

Katika makala haya hatukusudii kueleza historia yote ya Kizimkazi, kwani hiyo yahitaji kitabu kizima. Tunakusudia kuzitazama tarehe mbili hizo, na kuuliza zinawafunza nini vijana wetu walioko katika vyuo vikuu. Jambo linalotushughulisha ni lile liitwalo wizi wa maandishi, yaani mtu kuchukua maneno ya mwenziwe, au fikra zake, au hesabu zake, au mpango wa hoja zake, kisha kuyatoa mbele ya mwalimu na mbele ya umma kana kwamba ni mali yake mwenyewe. Visiwa vyetu sasa vina vyuo vikuu kadhaa. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi mwaka 2001. Kila mwaka vijana wengi huandika insha, ripoti na tasnifu. Kwa hivyo suala la uaminifu katika maandishi si la watu wachache tena. Limekuwa suala la utamaduni wa taifa.

Wataalamu wa majengo ya kale wanatueleza kuwa kuta tuzionazo Dimbani leo, kwa sehemu kubwa, ni za karne ya 18, na kwamba kilichosalia kutoka karne ya 12 ni mawe ya nakshi na ya maandishi. Hebu na tumfikirie yule aliyeujenga upya msikiti huo. Mbele yake lilikuwako jiwe lenye jina la mtu mwingine. Angeweza kulivunja. Angeweza kuligeuza uso, likatiwa ndani ya ukuta kama jiwe lolote, kisha akachonga jipya lenye jina lake peke yake, na baada ya kizazi kimoja au viwili asingekuwapo mtu wa kumhoji. Hakufanya hivyo. Jiwe la kale liliachwa na maneno yake, likawekwa mahali pa heshima, na tarehe ya ujenzi mpya ikaandikwa mbali nalo. Kila kazi ikabaki na tarehe yake. Kwa sababu ya uaminifu huo, mwaka 1922 mtaalamu wa khati za Kufi, S. Flury, aliweza kuchapisha usomaji wake wa maandishi hayo katika jarida la wanavyuoni mjini London, na dunia ikajua kuwa Waislamu wa kusini ya Unguja walikuwa na msikiti wa mawe katika karne ya 12.

Hilo ndilo ambalo leo vyuoni huitwa kutaja chanzo. Mwandishi hujenga juu ya kazi ya aliyetangulia, humwachia aliyetangulia jina lake, kisha huweka alama mahali ambapo kazi yake mwenyewe inaanzia.

Wako baadhi ya wanafunzi wanaodhani kuwa sharti la kutaja chanzo ni desturi ya Ulaya tuliyoletewa pamoja na vyuo vikuu, na kwa hivyo hulifuata kwa shingo upande, kama mtu anayelipa kodi asiyojua sababu yake. Dhana hiyo si sahihi, na historia yetu inaikanusha kwa ushahidi mwingi.

Tuanze na ushairi. Washairi wa pwani wana bahari iitwayo takhmisa, na jina lake limetokana na neno la Kiarabu la tano. Katika takhmisa mtunzi huchukua beti ya mshairi mwingine yenye vipande viwili, akaitangulizia vipande vitatu vya kwake, vikawa vitano. Ile iitwayo Takhmisa ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ni mfano unaojulikana sana. Msomaji anajua maneno yapi ni ya Liyongo na yapi ni ya aliyemfuatia, na sifa ya huyo wa pili haipungui hata chembe kwa kukiri kuwa alijenga juu ya msingi wa mwenziwe. Kinyume chake, ustadi wake hupimwa hapo hapo, kwa namna alivyoweza kuyaunga maneno yake na ya mkubwa wake bila ya kuyavuruga. Aidha, watunzi wengi wa tendi walizoea kumalizia kwa kutaja jina la mtunzi, au mji wake, au tarehe ya utungo, na wanakili nao wakaandika majina yao mahali pao, ili mtunzi asichanganywe na mnakili.

Katika elimu ya dini mambo yalikuwa na mkazo zaidi. Hadithi ya Mtume haikukubaliwa bila ya isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliosimulia, mmoja kutoka kwa mwingine. Mwanafunzi aliyesoma kitabu kwa sheikh alipewa ijaza iliyoonyesha amekisoma kwa nani, na huyo naye alikisoma kwa nani. Marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 na kufariki mwaka 1982, alipoandika kitabu chake juu ya baadhi ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, alihakikisha kuwa msomaji anaelezwa kila sheikh alisoma kwa nani na akasomesha nani. Mtu anayekisoma anaona namna elimu ilivyopita kutoka mkono hadi mkono, kutoka kwa kina Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir hadi kwa wanafunzi wao na wanafunzi wa wanafunzi wao. Katika utaratibu huo, mwenye kuficha jina la mwalimu wake hakujiongezea heshima. Alijikatia nasaba ya elimu yake.

Hapa yafaa tujibu hoja moja ambayo ina uzito. Mtoto wetu anapoanza chuoni hufundishwa kuhifadhi. Hurejea maneno ya mwalimu neno kwa neno, na husifiwa kwa kutoongeza wala kupunguza. Anapofika chuo kikuu huambiwa kuwa kurejea maneno ya mtu neno kwa neno ni kosa. Je, si haki yake kushangaa? Ni haki yake. Lakini atazame vyema. Yule mtoto wa chuoni hakudai hata siku moja kuwa maneno aliyoyahifadhi ni yake. Kila aliyemsikia alijua ni maneno ya nani. Kosa halimo katika kuhifadhi wala katika kunakili, bali katika kuficha asili. Wahenga walisema kuwa mwacha asili ni mtumwa, na anayeandika kwa maneno ya mwingine huku akiificha asili yake huwa mtumwa wa maneno hayo, kwani akiulizwa swali moja nje ya yaliyoandikwa hana la kujibu.

Baada ya kuona kuwa desturi hii ni yetu, tuone sasa hasara inayopatikana inapovunjwa au inapolegezwa. Mwaka 1903 kilichapishwa nchini Ujerumani kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililowekwa mbele ni la C. Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, kuwa ndiye mkusanyaji. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyomo, kwa Kiswahili safi cha Mrima, iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, ambaye naye alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha lugha hii, na akafariki huko huko Ujerumani mwaka 1927. Hatusemi kuwa Velten aliiba. Alijiita mkusanyaji, na kukusanya ni kazi. Tunachosema ni kuwa kwa muda mrefu wasomaji na wanavyuoni walikitaja kitabu hicho kwa jina la mkusanyaji, na mwandishi akabaki kivulini. Ilipofika mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza iliyotayarishwa na J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari lilipotiwa katika anwani ya kitabu. Mtoro mwenyewe alikuwa amekwisha fariki zaidi ya miaka 50. Mwanafunzi wetu anayelalamika, na kwa haki, kuwa wageni waliandika habari zetu wakasahau majina yetu, atakuwaje na uso wa kulalamika ikiwa naye anachukua maneno ya mzee wa kijiji na kuyatia katika tasnifu yake bila ya jina?

Hasara ya pili ni ya ukweli wenyewe, nayo inaturudisha Kizimkazi. Mara nyingi huandikwa kuwa msikiti wa Kizimkazi ndio wa kale kuliko yote katika Afrika Mashariki. Sentensi hiyo imenakiliwa kutoka karatasi hadi karatasi, na wanaoinakili hawasemi wameitoa wapi. Lakini katika miaka ya 1980, uchimbaji uliofanywa na Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, na ile ya chini kabisa ni ya karne ya 8 na ya 9. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika juu ya Kizimkazi ni kuwa maandishi yake ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe yaliyosalia katika majengo ya pwani yetu. Hiyo ni heshima tosha, wala haihitaji kutiwa chumvi. Lau kila aliyeandika ile sentensi angetaja chanzo chake, msomaji angeweza kukifuata, akaona kiliandikwa lini na kwa ushahidi gani, na kosa lingesahihishwa mapema. Neno lisilo na chanzo halina mlango wa kulirekebishia. Hurithiwa likiwa na kosa lake.

Hasara ya tatu inawahusu watu walio hai. Wanafunzi hutoka mjini na Tunguu wakaenda Kizimkazi, Dimbani na Mkunguni, wakiwa na daftari na simu za kurekodia. Wazee huwakaribisha na huwasimulia. Miongoni mwa masimulizi yasikikayo huko ni yale ya mfalme aitwaye Kizi na fundi wake aitwaye Kazi, ambao inasemekana kuwa jina la mahali limetokana nao. Husimuliwa kuwa fundi huyo, baada ya kuujenga msikiti kwa uzuri wa ajabu, alikatwa mkono kwa amri ya mfalme ili asije akajenga mwingine mfano wake. Hatuyachukui masimulizi hayo kuwa ni tarehe iliyothibitishwa. Lakini tuangalie jambo moja. Maandishi ya ukutani yanamtaja aliyeamrisha ujenzi, wala hayamtaji aliyechonga jiwe. Ni masimulizi ya watu wa kawaida yaliyoona kuwa si haki fundi asiwe na jina, yakampa jina, tena yakakilaumu kitendo cha mkubwa kumdhulumu mwenye ujuzi. Basi ni ajabu iliyoje mwanafunzi kuyachukua masimulizi hayo hayo, na kumfanyia msimuliaji wake vile vile alivyofanyiwa fundi!

Kabla ya kuwahukumu vijana yafaa tufahamu sababu zinazowaingiza katika kosa hili, kwani si wote wanaofanya kwa uovu. Wako wanaobanwa na wakati, wakaanza kuandika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi. Wako wasioimiliki vyema lugha ya Kiingereza, ambayo masomo mengi ya juu hufundishwa kwayo, na wanapokuta sentensi nzuri huona kuwa wakiigeuza wataiharibu. Wako waliopokea swali ambalo limetolewa miaka nenda miaka rudi, na majibu yake yanauzwa katika vibanda vya kutolea nakala. Na wako ambao hawakufundishwa hata mara moja namna ya kuandika tanbihi. Sababu hizo zinaeleza kosa, ingawa haziliondoi. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na shahada iliyopatikana kwa maneno ya wengine humfedhehesha mwenyewe siku atakapotakiwa afanye kazi inayotokana na shahada hiyo.

Tunapenda, kwa hivyo, kuwapa ndugu zetu wanafunzi mashauri machache ya vitendo.

Kwanza, uaminifu huanza wakati wa kusoma, na si wakati wa kuandika. Unapochukua maelezo kutoka kitabuni, andika kwanza jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka na ukurasa. Maneno unayoyanakili yatie katika alama za mtajo hapo hapo daftarini, na fikra zako mwenyewe ziandike mbali, hata kwa wino wa rangi nyingine. Wengi hupotea kwa kuwa baada ya mwezi mmoja hawajui tena lipi katika daftari ni lao na lipi si lao.

Pili, kubadilisha maneno mawili matatu si kuandika upya. Soma kifungu, kifunge kitabu, kisha ueleze ulichofahamu kwa lugha yako kama unavyomweleza rafiki. Halafu kifungue kitabu na ulinganishe. Na hata baada ya kufanya hivyo, mtaje mwenye fikra, kwani ulichobadilisha ni nguo tu, na mwili ungali wake.

Tatu, kutafsiri si kutunga. Anayekitoa kifungu katika Kiingereza au Kiarabu na kukitia katika Kiswahili amefanya kazi njema, lakini ni wajibu wake kusema kuwa ametafsiri, na ametafsiri kutoka wapi.

Nne, mtaje aliyekusimulia kama unavyomtaja aliyeandika kitabu. Muombe ruhusa ya kutumia jina lake, na akikubali liandike jina hilo pamoja na kijiji chake na tarehe ya mazungumzo. Akiona ni bora asitajwe, sema kuwa habari hizo umezipata kwa mkazi wa mahali fulani aliyeomba jina lake lihifadhiwe. Kwa vyovyote vile msomaji ajue kuwa maneno hayo yametoka kwa mtu, wala si kwako.

Tano, tenganisha ushahidi na maoni. Badala ya kuandika tu kuwa msikiti wa Kizimkazi ulijengwa mwaka 1107, andika kuwa maandishi ya kibla, kwa usomaji wa Flury wa mwaka 1922, yanataja mwaka 500 wa Hijra, kisha eleza wewe mwenyewe unafikiri nini juu ya uhusiano wa maandishi hayo na kuta zilizopo. Sentensi ya namna hiyo ni ndefu zaidi, lakini ndani yake umepata nafasi ya kusema neno lako. Watu wengi hawatambui kuwa kutaja chanzo ndiko kunakoionyesha fikra ya mwandishi mwenyewe, kwa sababu kunaonyesha mpaka wake.

Siku hizi yamezuka mambo ambayo wazee wetu hawakuyajua. Ziko programu za kompyuta zinazolinganisha insha ya mwanafunzi na maandiko mengine, na walimu huzitumia kuwatafuta wezi. Ziko pia programu za akili mnemba zinazoweza kumwandikia mtu insha nzima kwa muda wa dakika chache. Zana hizo ni zana, na kila zana ina matumizi yake. Lakini ikumbukwe kuwa programu ya kulinganisha huona maneno yanayofanana, wala haioni nia. Na programu ya kuandika huweza kutoa sentensi zenye sura ya kuaminika, na hata majina ya vitabu visivyokuwapo duniani. Mwanafunzi anayeitegemea kwa habari za Kizimkazi bila ya kurejea kwa Flury, wala kwa wachimbaji, wala kwa wazee, huenda akairithi ile ile sentensi yenye kosa, safari hii bila ya kujua hata mtu aliyeikosea mwanzo.

Walimu nao wana sehemu yao. Swali linaloulizwa kila mwaka huzaa jibu linaloibwa kila mwaka. Mwalimu akiwatuma wanafunzi wakatazame jiwe moja, au wakazungumze na fundi mmoja wa majahazi, au wakasome waraka mmoja katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, atapata kazi ambazo haziwezi kunakiliwa, kwa kuwa hazijapata kuandikwa. Serikali kwa upande wake ilipitisha Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar mwaka 2003, inayolinda kazi za watunzi na wasanii. Sheria hiyo ina faida, lakini sheria hulinda mali, na jina la mtu ni zaidi ya mali. Wizi mwingi wa wanafunzi hautafika mahakamani, na si lazima ufike. Utakomeshwa vyuoni na majumbani, kwa malezi.

Pendekezo letu la mwisho ni dogo, na laweza kuanza mwaka huu bila ya fedha nyingi. Kila mwanafunzi anayekwenda shamba kukusanya habari arudishe nakala ya kazi yake katika kijiji alichokitembelea, iwekwe skuli au kwa sheha, na katika ukurasa wake wa mwanzo yaandikwe majina ya wote waliomsaidia ambao wameridhia kutajwa. Hapo wazee watajua maneno yao yamefika wapi, na wataweza kusema kama yameandikwa sawasawa. Na mwanafunzi ajaye baadaye hatakuwa na haja ya kuiba, kwa kuwa atakikuta chanzo kiko wazi, na atajua aongeze nini juu yake kwa jina lake mwenyewe.